India au Afrika Kusini? Msimamo upi mbebe kwenye mdahalo wa silaha za nyuklia

Wadogo zangu wa mdahalo hapa Kigoma, mada mmeshapewa, misimamo ya nchi kwenye mikataba ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na nchi zilizobaki za kuchagua ni mbili tu, India na Afrika Kusini. Kwenye grupu la WhatsApp naona nusu yenu mnataka India kwa kuwa haiburuzwi na wakubwa, nusu mnataka Afrika Kusini kwa kuwa ni Waafrika wenzetu, na mimi nasema hizo zote mbili sio sababu za kusimama nazo mbele ya majaji. Nimekaa nikazilinganisha hizi nchi hoja kwa hoja, kila moja inawapa nini na itawabana wapi, na nitasema wazi mimi ningebeba ipi, mkikataa mkatae mkiwa mnajua mnachokataa.

Kwanza mkataba wenyewe wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, kwa kifupi NPT, maana kuna watu wanautaja kila sentensi na hawajui kilichomo. Ulifunguliwa usainiwe tarehe 1 Julai 1968, ukaanza kufanya kazi tarehe 5 Machi 1970. Unazigawa nchi makundi mawili. Zile zilizolipua bomu la nyuklia kabla ya tarehe 1 Januari 1967 zinatambuliwa kuwa nchi zenye silaha, nazo ni Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, basi, hakuna wa sita. Nyingine zote zinaahidi hazitatengeneza wala hazitapokea. Wasio nazo wanapewa haki ya kutumia nyuklia kwa amani, umeme, tiba, kilimo, hiyo ni ibara ya 4, ila lazima wakubali wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Na wale watano ibara ya 6 inawataka wafanye mazungumzo kwa nia njema ili silaha zao ziondoke. Ibara ya 6 ikariri vizuri, ugomvi wote umelala hapo, kwa sababu zaidi ya miaka 50 imepita na mpaka Januari 2025 dunia bado ilikuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, zaidi ya 12,000, vingi vikiwa vya Urusi na Marekani. Vimepungua sana ukilinganisha na zama za vita baridi, lakini kuisha havijaisha.

Walioko nje ya mkataba leo ni wachache, India, Pakistan, Israel, Sudan Kusini, na Korea Kaskazini ambayo ilitangaza kujitoa 2003.

Kesi ya India

India haijawahi kusaini na haisemi haikusaini kwa sababu inapenda mabomu, inasema mkataba ni wa kibaguzi. Ukitaka kumwelewesha mtu wa hapa kwetu mwambie hivi: watu watano wamewahi kufika mwalo wa Kibirizi, wakashika sehemu zote nzuri za kuanikia dagaa, halafu wakaitisha kikao wakapitisha sheria kwamba kuanzia leo hakuna mwingine kuanika, ila wao wataendelea mpaka siku watakayoona wenyewe inafaa kuacha. Utasaini? Hiyo ndiyo hoja ya India na jamani ina nguvu, msije mkaidharau hata kama mtabeba nchi nyingine.

Na India hawakuanza na bomu, walianza na kupinga. Mwaka 1954 Nehru, waziri mkuu wao, alitaka majaribio ya nyuklia yasimamishwe, wakati ambapo wakubwa walikuwa wanalipua tu. Miaka ya sitini kwenye mazungumzo yaliyozaa NPT India ilikuwa inadai mkataba ambao wajibu unabebwa na pande zote, sio wasio nazo peke yao. Sasa katikati hapo China ikalipua bomu lake la kwanza, Oktoba 1964, na China hiyo ndiyo iliyokuwa imeipiga India kwenye vita vya mpakani 1962. Rasimu ya mkataba ilipokamilika tarehe ya kukata ni Januari 1967, yaani jirani aliyekupiga juzi anahesabiwa mwenye silaha halali na wewe unaambiwa usithubutu. Ukiisimulia vizuri hii, taratibu, bila makelele, jaji anaanza kutikisa kichwa.

Halafu ndio inakuja sehemu ngumu. Tarehe 18 Mei 1974 India ililipua Pokhran, jangwani Rajasthan, ikasema ni mlipuko wa amani. Plutoni ya mlipuko ule, yaani kile kinacholipuka ndani ya bomu, ilitoka kwenye kinu cha nyuklia cha CIRUS ambacho Canada iliisaidia India kujenga, Marekani ikatoa maji mazito ya kuendeshea kinu hicho, na vyote vilitolewa kwa makubaliano kwamba ni vya kazi za amani. Hapo jaji yeyote aliyejiandaa atawakamata. Mlipuko huo ndio uliosababisha nchi zinazouza teknolojia ya nyuklia ziunde kundi lao la kudhibiti biashara hiyo, kwa hiyo nchi maskini ambazo hazikufanya lolote nazo zikaanza kupata shida kununua vifaa.

1988 Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa India, alienda Umoja wa Mataifa na mpango wa hatua kwa hatua wa kuondoa silaha zote za nyuklia duniani kufikia 2010. Mpango mzuri, haukupata mtu wa kuubeba. 1996 ulipokuja mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, CTBT, India ikaukataa, ikisema hauna ratiba ya wakubwa kuacha silaha zao. Na Mei 1998 ikafanya majaribio matano ndani ya siku tatu, ikatangaza wazi kwamba sasa ni nchi yenye silaha za nyuklia. Toka hapo msimamo wake ni kwamba haitakuwa ya kwanza kuzitumia, na kwamba majaribio imesimamisha kwa hiari yake. Inakadiriwa ina vichwa kama 180.

Kitu kingine mnachopata mkibeba India ni 2008. Kundi lile lile lililoundwa kwa sababu yake likaipa ruhusa maalumu ya kununua mafuta ya nyuklia na teknolojia bila kuwa mwanachama wa NPT, baada ya Rais Bush wa Marekani na Waziri Mkuu Manmohan Singh wa India kuelewana 2005 na India kukubali kutenganisha vinu vya kiraia na vya kijeshi, vya kiraia vikaguliwe. Upande wenu mtasema, mnaona, ukisimama kwenye hoja yako dunia inakufuata. Upande wa pili watasema, mnaona, aliyekaa nje kapewa kile kile tulichoahidiwa sisi tulioingia ndani, sasa kuingia kuna faida gani. Na kwa kweli mimi hapo nakaa na upande wa pili. Ruhusa ile iliumiza mkataba kuliko maneno yote ya India ya miaka 40.

Kesi ya Afrika Kusini

Huku stori ni nyingine kabisa na kuna vijana wengi hawaijui, wanadhani nyuklia ya Afrika ni hadithi. Serikali ya makaburu ilitengeneza mabomu. Sio mpango, sio makaratasi, mabomu sita kamili na la saba lilikuwa linaundwa, ya urani iliyorutubishwa, yaani iliyokolezwa mpaka ifae bomu, kwa siri kubwa. Mwaka 1977 setilaiti ya Kisovieti iliona maandalizi ya eneo la majaribio kwenye jangwa la Kalahari, Wasovieti wakawashtua Wamarekani, kelele zikapigwa, jaribio likasitishwa. Lakini kazi haikuacha, iliendelea chini chini mpaka mwisho wa miaka ya themanini.

Halafu wakayafumua. De Klerk alipoingia madarakani kama rais 1989 akaamuru mpango ufungwe, mabomu yakavunjwa, tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ikaingia NPT kama nchi isiyo na silaha, na tarehe 24 Machi 1993 de Klerk akasimama bungeni akaiambia dunia kwamba tulikuwa nayo na tumeyaharibu. IAEA ikaenda ikakagua, ikapitia hesabu za urani gramu kwa gramu, ikaridhika. Mpaka leo ndiyo nchi pekee iliyojitengenezea silaha za nyuklia yenyewe kisha ikaziharibu zote. Ukraine, Belarus na Kazakhstan nazo ziliachia silaha, ila zile ziliachwa na Umoja wa Kisovieti uliovunjika na amri ya kuzirusha ilibaki Moscow, kwa hiyo msizichanganye, jaji akiwasikia mnachanganya mmekwisha.

Kwa nini waliacha? Hapa muwe wakweli. Vita baridi ilikuwa inaisha, wanajeshi wa Cuba walikuwa wanaondoka Angola kwa makubaliano ya Desemba 1988, Namibia ikapata uhuru 1990, makaburu walitaka kutoka kwenye kutengwa na vikwazo. Na wapo wengi wanaosema hawakutaka silaha ziangukie mikononi mwa serikali ya weusi, na mimi siwezi kuwaambia hilo halikuwepo vichwani mwao, kwa utawala ule ulivyokuwa. Hata nyaraka za mpango ziliharibiwa kabla ya kutangaza. Lakini cha kushika ni hiki: ANC, chama cha Mandela, walipoingia madarakani wangeweza kubadilisha mawazo, ujuzi ulikuwepo, wanasayansi walikuwepo, urani ilikuwepo. Hawakubadilisha. Wakaufanya huo kuwa msimamo wa nchi.

Na wakautumia. 1995 ulipofika mkutano wa kuamua NPT uendelee kwa muda gani, nchi nyingi zisizo na silaha zilikuwa zinasita kuurefusha moja kwa moja, wakisema tukiurefusha tutakuwa hatuna tena cha kuwabana wale watano. Afrika Kusini ndiyo iliyosaidia kupata njia ya kati, mkataba urefushwe bila kikomo lakini uambatane na malengo na mapitio ya kila miaka mitano. 1996 ukasainiwa mkataba wa Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, unaitwa Mkataba wa Pelindaba, jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini, ukaanza kufanya kazi 2009. 1998 Afrika Kusini ikajiunga na Mexico, Ireland, Brazil, Misri na wengine kuwabana wakubwa kuhusu ibara ya 6. Na 2017 ulipokuja mkataba mpya wa kupiga marufuku silaha za nyuklia kabisa, ambao nchi 122 ziliupigia kura ya ndiyo, Afrika Kusini ilisaini siku ya kwanza ya kusaini na ikauridhia 2019. India haikushiriki hata mazungumzo yake.

Kwa hiyo mkiangalia vizuri, hoja ya ubaguzi wa NPT wote wawili wanaisema. Afrika Kusini inawasema wale watano kwa maneno makali tu, kwamba hamjatimiza ahadi. Tofauti ni wapi mtu amesimama anaposema. Mmoja anasema mkataba hauna haki akiwa ameshika bomu mkononi, mwingine anasema mkataba hauna haki akiwa ameshaharibu la kwake. Maneno yale yale, uzito sio ule ule.

Na Tanzania tulikuwa wapi

Hii sehemu itawafaa mkibeba nchi yoyote kati ya hizo, na naomba muisome mara mbili. Tarehe 12 Juni 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuupokea mkataba wa NPT. Ndiyo 95, waliojizuia 21, hapana 4. Hizo hapana nne ni Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Ndio, sisi. India yenyewe ilijizuia tu! Majirani zetu Burundi, Rwanda na Uganda nao walijizuia. Tanzania ya Mwalimu ilinyoosha mkono ikasema hapana, mkataba hauna usawa.

Na haikuishia hapo. 1984 Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita waliotoa tamko la pamoja kuwataka wakubwa wasimamishe kutengeneza na kujaribu silaha za nyuklia, yeye na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Alfonsín wa Argentina, de la Madrid wa Mexico na Papandreou wa Ugiriki. Januari 1985 wakakutana New Delhi wakarudia, Indira akiwa ameshauawa na mwanawe Rajiv ameshika nafasi yake. Kwa hiyo yule anayesema hoja ya India ni ya kigeni kwetu hajui historia ya nchi yake, tulikaa nao meza moja.

Lakini 1991 Tanzania ikaingia NPT. Baadaye ikaridhia Pelindaba, 2004 ikaridhia mkataba wa kupiga marufuku majaribio, na 2019 ikasaini ule mkataba mpya wa kupiga marufuku silaha zenyewe. Kusaini na kuridhia ni vitu viwili, kwa huo mpya sisi tuko hatua ya kusaini, msije mkasema tumeridhia. Sasa jiulizeni, nchi iliyosema hapana 1968 kwa nini ilisema ndiyo 1991? Jibu liko Pretoria, kwa serikali ya Afrika Kusini, kwa sehemu kubwa, na ndio linanipeleka kwenye kitu ninachoona ndicho cha kuamulia.

Angalieni majirani

Sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa kwamba anachofanya jirani kinakufikia. Risasi zikilia Kivu au Burundi, watu wanashuka Kigoma na mabegi kichwani, makambi ya Kasulu na Kibondo yamejaa na kupungua na kujaa tena miaka yote ya maisha yenu. Kwa hiyo mimi nchi nikitaka kuipima kwenye hii mada siulizi ilisema nini New York kwenye Umoja wa Mataifa, nauliza ilipofanya uamuzi wake, jirani yake alifanya nini.

India ililipua tarehe 11 na 13 Mei 1998. Tarehe 28 Mei Pakistan ikalipua, milima ya Chagai, Baluchistan. Siku 17. Baada ya hapo mwaka uliofuata wakapigana Kargil, huko Kashmir, nchi mbili zenye nyuklia zinapigana mlimani, na Mei 2025 tumeona tena makombora na droni siku nne mfululizo, dunia nzima imeshika roho. Watetezi wa India watasema Pakistan ilikuwa inatengeneza bomu lake siku nyingi, na ni kweli, ilianza mbio hizo miaka ya sabini. Lakini ilianza kukimbia kwa nguvu zaidi baada ya nini? Baada ya Pokhran 1974. Na India nayo inasema ilikuwa inaiangalia China. Ni mnyororo, kila mmoja ana sababu nzuri ya kumwogopa wa mbele yake, na ukiusikiliza kila mmoja peke yake unamwelewa, hilo ndilo linalotisha.

Sasa geuka upande huu. 1990 Afrika Kusini ilisema itaingia NPT kama na nchi nyingine za kusini mwa Afrika zitaingia. Msumbiji ikaingia mwaka huo huo. Zambia ikaingia 1991. Tanzania 1991. Afrika Kusini yenyewe Julai 1991, Zimbabwe ikafuata mwaka huo huo, Namibia 1992, Angola 1996. Hao ni watu waliokuwa wanapigana! Jeshi la makaburu lilikuwa limeivamia Angola, lilikuwa linapiga mabomu miji ya majirani, na miaka michache baadaye wote wako kwenye mkataba mmoja wakiruhusu wakaguzi. Ule nao ni mnyororo, ila unavutana kwenda upande mwingine.

Mkitaka kuongeza hoja ya nyumbani hapo, mnayo ng'ambo ya ziwa. Urani ya bomu lililopigwa Hiroshima Agosti 1945 sehemu kubwa ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Congo ile ile, na Katanga ya zamani ilifika mpaka kwenye maji ya Tanganyika, Kalemie ilikuwa ndani yake. Wachimbaji wa Shinkolobwe hakuna aliyewaambia kinachimbwa nini kwa kazi gani. Na Ufaransa ilifanya jaribio lake la kwanza la bomu Februari 1960 kwenye ardhi ya Afrika, Reggane, Algeria. Afrika haikuingia kwenye hii mada kwa kualikwa mkutanoni, iliingizwa zamani sana, ndio maana tamko la viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, kule Cairo mwaka 1964 la kutaka bara lisiwe na nyuklia lilitangulia NPT kwa miaka minne. Afrika Kusini ya leo inasimama juu ya tamko hilo. India haiwezi.

Watawabana wapi

Mkibeba Afrika Kusini mjiandae kwa maswali magumu, msidhani ni mteremko. Watawauliza, mbona urani iliyotolewa kwenye yale mabomu bado mnaitunza Pelindaba na Marekani iliwaomba muitoe mkakataa? Jibu: iko chini ya ukaguzi wa IAEA, na Afrika Kusini inasema haki ya matumizi ya amani ni ya wote, haiwezi kukubali sheria mpya za kuwabana wasio na silaha wakati wenye silaha hawabanwi. Wataleta 2007 watu wenye silaha walivyovamia kituo cha Pelindaba usiku. Hilo likubalini, ni kosa la ulinzi, sio la msimamo, usijaribu kulipindisha.

Swali linalouma zaidi ni Ukraine na Libya. Ukraine iliachia silaha 1994 kwa hati ya Budapest, Urusi ikiwa mmoja wa waliosaini kuheshimu mipaka yake, ikachukuliwa Crimea 2014 na kuvamiwa 2022. Gaddafi aliacha mpango wake 2003, 2011 akauawa. Na wakiwa wajanja wataongeza Iran: ilikuwa mwanachama wa NPT, Juni 2025 ikapigwa na Israel ambayo haijasaini na Marekani iliyosaini, wakati India iko nje na hakuna anayeigusa, sasa nani kakosea? Hapo msijibu haraka. Ni kweli lile shambulio liliudhoofisha mkataba na mkikana mtaonekana mmekariri. Semeni pia kwamba siku moja kabla ya shambulio bodi ya IAEA ilikuwa imesema Iran haikutimiza wajibu wake wa ukaguzi, na ilikuwa imerutubisha urani kufikia asilimia 60, kiwango ambacho vinu vya umeme havihitaji. Halafu rudini kwenu: bomu halikuisaidia Afrika Kusini kushinda vita ya Angola, halikuondoa vikwazo, halikuzuia watu wa Soweto kupinga ubaguzi. Usalama ulikuja walipokaa mezani na majirani. Hilo ni jibu la nchi yenu, sio la kila nchi, na mseme hivyo hivyo.

Mkibeba India swali moja tu litawatesa: kama mkataba ni wa kibaguzi, mbona ule mkataba mpya wa 2017 ambao hauna ubaguzi, unaokataza wote sawa, nao mmeukataa? India inajibu kwamba inaunga mkono kuondoa silaha lakini kwa njia itakayowahusisha wote wenye nazo, kwenye chombo cha mazungumzo kule Geneva. Ni jibu la kidiplomasia, linatembea, ila mtu akilirudia mara ya tatu linaanza kuchoka. Miaka 50 hoja ilikuwa usawa, usawa ukaletwa, ukakataliwa. Mimi hapo ndipo nilipoachana na India, ingawa naiheshimu.

Ningebeba ipi

Ningebeba Afrika Kusini, na ningeibeba bila kuidhihaki India hata dakika moja. Yaani ningetumia hoja ya India ya ubaguzi kama mlango, nikasema kweli mkataba una kasoro, hata Tanzania ilisema hapana 1968, halafu nikaonyesha kwamba kasoro ya mkataba inarekebishwa na aliye ndani asiye na cha kuficha. Sisi wenyewe tuna urani Namtumbo kule Ruvuma, inaandaliwa kuchimbwa na kampuni ya Kirusi, Tume ya Nguvu za Atomiki iko Arusha, ukaguzi wa IAEA unatuhusu moja kwa moja, kwa hiyo msimamo wa Afrika Kusini mtausema kwa moyo wote kwa sababu unakaribia sana kuwa wa kwenu.

India ichukueni kama tu mna msemaji mtulivu, anayeweza kukaa kwenye hoja moja ya haki bila kupandisha sauti na akaulizwa kuhusu CIRUS na Pakistan akajibu bila jasho. Kama msemaji wenu mkuu ni wa kupiga meza, India itamwangusha. Na kama majaji ni walimu wa historia, India inapata maksi za mwanzo nyingi, ila za mwisho ni za Afrika Kusini.

Mkikubaliana Afrika Kusini basi gawaneni hivi: wa kwanza aanze na bunge la Cape Town, Machi 1993, mabomu sita, asimulie tu. Wa pili achukue kura ya 1968 na mnyororo wa majirani wa 1990 na 1991, hiyo mpeni yule mwenye kumbukumbu ya tarehe. Wa tatu akae na Ukraine, Libya na Iran, ajiandae kubanwa. Na kuna moja msiliseme kabisa, maana nimeliona mmeliandika kwenye grupu, kwamba Mandela ndiye aliyevunja mabomu. Mandela aliapishwa kuwa rais Mei 1994, mabomu yalikuwa yameshavunjwa miaka karibu mitatu. Cha Mandela na serikali yake ni kutoyarudisha, na kusimama 1995 kwenye ule mkutano wa kurefusha mkataba, semeni hivyo.